Hiyo alama nyeusi ya mama usiisugue, dada

Pole sana dada kwa kuuguza. Umesema mama kapooza upande, mwezi wa pili huu yuko kitandani, ana alama nyeusi kwenye kifandugu (pale mfupa wa mgongo unapoishia juu ya makalio) na majirani wanakwambia umsugue mafuta ya nazi. Usisugue kabisa. Mi nimemuuguza baba hapa Ngamiani, Tanga, na kosa hilo hilo tulilifanya, tulikuwa tunasubiri tuone wekundu, kumbe kwa ngozi zetu hizi wekundu hauonekani vizuri, panakuwa peusi au zambarau, ukigusa pana joto au pagumu kuliko pembeni, ukibonyeza na kidole rangi haibadiliki. Sisi tukasugua asubuhi na jioni, wiki haijaisha ngozi ikafunguka, iliniuma mno.

Hivi vidonda vya mgandamizo, mfupa na godoro vinaibana nyama katikati, damu haipiti, nyama inaweza kufa ndani huku juu unaona kialama tu. Ndo maana hakuna krimu itakayoponya sehemu ambayo bado inalaliwa. Mgeuze kila baada ya saa 2, usiku pia, sisi tuliweka alamu tukapokezana na wadogo zangu. Usimlaze akalalia ubavu wote maana nyonga nayo itachimbika, mwegemeze kidogo na mto mgongoni, mto mwingine chini ya mashavu ya miguu visigino visiguse godoro. Mkimsogeza msimburute, muwe wawili mmnyanyue kwa shuka. Na ule mduara wa tyubu wa kukalia achana nao, unabana damu pembeni.

Joto la Tanga kipindi hiki cha kaskazi nalo ni adui, ule mpira wa kutandika kitandani kuzuia mkojo ukigusa mwili anatoka jasho ngozi inalainika, tandika shuka juu yake, pampasi ikichafuka toa hapo hapo.

Ngozi ikifunguka msimwagie spiriti kama sisi, inaunguza nyama changa. Nesi ndo akatufundisha maji yaliyochemka yakapoa, nusu lita chumvi kijiko kimoja cha chai, na gozi safi (kile kitambaa laini cha kufungia kidonda). Nyama nyeusi iliyokufa msikate wenyewe. Baba alikuwa anakunywa uji mtupu, tulipomwongezea mayai, maharage na dagaa wa kusaga ndo tukaona kidonda kinaanza kujaa, kikafunga mwezi wa 5.

Ukisikia harufu, ukaona usaha au akapata homa, hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kesho, uchafu unaweza kuingia kwenye mfupa au kwenye damu.

Leo ukimgeuza angalia na visigino, viwiko na kisogo, halafu niambie hiyo alama ina ukubwa gani na kama ngozi bado nzima.