Poda ya gym inaniwasha, kwani jodari hatoshi?

SWALI: Habari za kazi dokta. Mi kijana wa Mikindani, nacheza winga na jioni napiga vyuma. Jamaa wa gym kaniuzia poda ya beta-alanini, anasema inaongeza kanosini kwenye misuli, sasa kila nikinywa uso na mikono inanichonyota kama nimepakwa upupu, yeye anasema ndo dalili inafanya kazi. Hiyo kanosini ni nini hasa, na hawa jodari wa feri hawana?

JIBU: Mdogo wangu, hapo kakupiga fiksi. Huo mchonyoto ni beta-alanini inagusa mishipa ya fahamu ya ngozi basi, misuli haihusiki, na unapoa wenyewe baada ya saa moja hivi. Gawa dozi, gramu 0.8 hivi kwa mara, utaona unapungua.

Kanosini ni dipeptaidi, yaani asidi amino (vijenzi vya protini na vya jamii yake) mbili tu zimeshikana, beta-alanini na histidini, mwanakemia Mrusi Gulewitsch na mwenzake waliitoa kwenye nyama mwaka 1900. Ukikimbia kwa nguvu misuli inajaa ioni za haidrojeni, pH (kipimo cha uasidi, ikishuka ndo uasidi umezidi) inashuka toka 7 kuelekea 6.5 na miguu inakuwa mizito, sasa ile histidini inazidaka hizo ioni maana pKa yake, yaani ile pH ambayo nusu yake inakuwa imeshadaka ioni, ni kama 6.8, palepale inapohitajika. Inasaidia purukushani za dakika moja mpaka nne hivi, tena baada ya kutumia wiki kadhaa, kwa hiyo dakika 90 za winga usitegemee miujiza.

Mbona hawauzi kanosini yenyewe? Ukiimeza, ikifika kwenye damu kuna kimeng'enya kinaikata vipande, na misuli inajiundia yake, ila beta-alanini ndo huwa haitoshi.

Jodari anayo sana anserini, ndugu yake kabisa kanosini, kuku naye anazo zote mbili. Zinayeyuka kwenye maji so mchuzi usimwage. Korosho hamna hata chembe, najua huko kwetu mtabisha.

Halafu usichanganye mambo: jodari aliyeshinda juani bila barafu, bakteria wanageuza histidini yake kuwa histamini, ukimla unawashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, na hata umkaange vipi histamini haitoki. Hiyo sio ya kusubiri ipoe, kifua kikibana wahi hospitali.