Kimya cha mnunuzi ndicho kinachomponza

Swali la wiki hii lilikuwa: "Umenunua kitu, umefika nacho nyumbani, ukakikuta kibovu. Unafanya nini?" Nawajibu kwa jambo nililojifunza kwa uchungu: kataa mapema, tena kwa maandishi.

Nilinunua cherehani mpya. Jioni ile ile nikatunga uzi, nikaweka kitambaa, nikaanza kushona. Mishono mitatu ikashika, wa nne ukaruka, na chini ya kitambaa uzi ukajisokota fundo kubwa. Nikampigia muuzaji. "Bado mpya hiyo, itumie tu, italainika." Nikamwamini, nikaendelea kuhangaika nayo kwa miezi miwili. Mwishowe nikampelekea fundi, akaifungua, akanionyesha kwamba chuma kinachoshika sindano kilikuwa kimepinda tangu kiwandani. Niliporudi dukani nikaambiwa: umeitumia, na umeifungua. Nikaondoka nayo.

Baadaye nilisoma nikaelewa nilipokosea. Sheria ya Uingereza ya Mauzo ya Bidhaa ya mwaka 1893, ambayo nchi nyingi zilizokuwa chini yake ziliirithi, ilimhesabu mnunuzi kuwa ameshakubali bidhaa kwa njia tatu: akitamka kwamba amekubali; akiifanyia jambo ambalo mwenye mali peke yake ndiye angelifanya; au akikaa nayo kwa muda unaotosha bila kusema anaikataa. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Ukishahesabiwa umekubali, haki ya kurudisha kitu na kulipwa pesa yote hupotea. Hubaki kudai fidia tu, na hata hiyo sikujua kuwa ninayo.

"Muda unaotosha" ni siku ngapi? Hapo ndipo wauzaji wengi hujificha, na ndiyo maana napenda sheria inayotaja siku. Uingereza, tangu sheria yake ya mwaka 2015, mnunuzi wa kawaida ana siku 30 za kukataa kitu chenye kasoro na kurudishiwa pesa yote. Zikipita, muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Akishindwa, mnunuzi anaweza kukataa tena. Hata Warumi wa kale walilijua jambo hili: aliyeuziwa mnyama mwenye ugonjwa uliofichwa alipewa miezi sita kudai mauzo yavunjwe.

Tusichanganye mambo, lakini. Kubadili mawazo kuhusu rangi si kasoro. Ukionyeshwa ufa kabla ya kulipa nawe ukanunua, ufa huo ni wako. Kile kibao cha "mali ikiuzwa hairudishwi" kina nguvu kwa mtu aliyebadili mawazo; kwa mtu aliyeuziwa kibovu, nchi nyingi zenye sheria za kumlinda mlaji hazikubali kimnyang'anye haki yake. Na kusaini karatasi ya kupokea mzigo peke yake si kukubali bidhaa ambayo hujapata nafasi ya kuikagua.

Mara ya pili ilikuwa pasi. Taa iliwaka, bamba likabaki baridi. Sikuigusa tena. Niliirudisha kwenye boksi lake na karatasi zake zote, nikaipiga picha pamoja na risiti, nikatuma ujumbe: "Pasi niliyonunua jana haipati moto. Naikataa, naomba nirudishiwe pesa yangu yote." Muuzaji akasema niilete itengenezwe. Nikamjibu kwamba sikuomba matengenezo. Akaniambia basi niwatafute wenye kiwanda kilichoiunda. Nikamwandikia: "Pesa nilikupa wewe, kaka, mapatano yangu ni na wewe."

Siku ya tatu alinirudishia yote.