Fedha Mbili za Catherine Ndereba

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Je, mwanariadha anaweza kuitwa bora kabisa bila dhahabu ya Olimpiki?", limenigusa pabaya. Kwetu huku Nyeri swali hilo lina jina la mtu ndani yake hata msipolitaja. Ni Catherine Ndereba, mkimbiaji wetu wa marathoni.

Kwanza tuhesabu alichovuna. Marathoni ya Boston alishinda mara nne, 2000, 2001, 2004 na 2005, na kabla yake hakuna mwanamke aliyefikisha nne katika mbio kuu za mji huo. Chicago alishinda mara mbili, na ile ya Oktoba 2001 akaweka rekodi ya dunia ya wanawake ya 2:18:47. Akawa bingwa wa dunia Paris 2003, akarudia Osaka 2007 katika joto lililowaangusha wengi. Yote hayo aliyafanya akiwa mama, kwa sababu binti yake alizaliwa 1997. Halafu Olimpiki: medali ya fedha Athens 2004, ya fedha tena Beijing 2008. Watu wakifika hapo husema "lakini". Hiyo "lakini" ndiyo inayonikera.

Isitoshe, dhahabu yenyewe si kipimo kisicho na doa. Mwanamke wa kwanza wa Kenya kuipata kwenye marathoni ya Olimpiki ni Jemima Sumgong, Rio 2016. Mwaka uliofuata alikutwa na EPO, dawa iliyopigwa marufuku ya kuongeza damu, akafungiwa. Tukipima kwa dhahabu peke yake, basi huyo amemshinda Ndereba. Nani Mkenya atakayekubali hesabu hiyo?

Lakini niwasimulie Beijing, maana nadhani jibu langu liko huko.

Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 17 Agosti 2008. Mbio zilianza saa moja unusu asubuhi yao, kwetu saa nane unusu usiku. Agosti huku ni baridi ya kukata masikio. Tulikuwa nyumbani kwa mama yangu, watu wa jamaa na majirani, tumejifunika mablanketi, chupa ya chai sakafuni, mjomba amekaa karibu kabisa na runinga kwa sababu antena ilihitaji kuguswaguswa. Mwaka ule ulikuwa umeanza vibaya nchini, kwa zile ghasia za baada ya uchaguzi. Tulikuwa na njaa ya jambo la kushangilia pamoja. Na wakati huo hakuna mwanamke wa Kenya aliyekuwa amewahi kupata dhahabu ya Olimpiki katika mbio zozote.

Nusu ya kwanza walikwenda kama watu wanaoogopana. Kisha Constantina Dita wa Romania, mwenye umri wa miaka 38, akachomoka. Hakuna aliyemfuata. Paula Radcliffe alikuwa ametoka kwenye jeraha, Wachina wakawa wanamtazama Catherine, na Catherine anawatazama Wachina. Pengo likaongezeka. Mama, ambaye hakuwahi kufuatilia riadha hata siku moja, akauliza, "Kwani huyo mama wa mbele hawamwoni?" Mjomba akamtuliza: "Ngoja, dada. Catherine hana haraka."

Mjomba alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Boston 2005 Elfenesh Alemu wa Ethiopia alimwacha Catherine kwa zaidi ya dakika moja, na Catherine akamfikia, akampita na kumwacha mbali. Ndivyo alivyokimbia siku zote: anaacha wenye pupa watangulie, kisha anaanza kuwaokota mmoja mmoja. Kwa hiyo tulikaa pale tunasubiri aanze kuokota. Kilomita 35, bado. Mama akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini. Mjomba hakujibu.

Dita aliingia uwanjani peke yake na kumaliza kwa 2:26:44. Nyuma yake Catherine na Zhou Chunxiu wakaingia wakifukuzana, China nzima inampigia kelele Zhou, na Catherine akafyatuka. Sijui kama mmewahi kuitazama tena ile picha. Kichwa kimeinuka, mikono inakata hewa kama ya mkimbiaji wa mita 400, mama wa miaka 36 mwenye kilomita 42 miguuni. Alimaliza kwa 2:27:06, sekunde moja mbele ya Zhou. Chumba kizima kilikuwa wima. Mjomba peke yake ndiye alibaki ameketi, na baadaye alisema jambo ambalo sikutaka kulisikia: mtu mwenye mbio kama zile mwishoni alikuwa na akiba nyingi mno.

Kesho yake, tarehe 18, Pamela Jelimo akashinda mita 800 na kuwa Mkenya wa kwanza wa kike mwenye dhahabu ya Olimpiki. Sekunde 22 zingegeuka upande wa pili, heshima hiyo ingekuwa ya Catherine kwa siku moja ya kutangulia.

Nilianza kuandika nikitaka kuwaambia kwamba dhahabu si kitu. Siwezi tena kusema hivyo. Athens ilikuwa vilevile: Mizuki Noguchi wa Japani alichomoka, Catherine akaanza kufukuza akiwa amechelewa, akakosa kwa sekunde 12. Subira iliyompa Boston na Osaka ndiyo iliyomnyima Olimpiki mara mbili, na kusoma mbio ni sehemu ya ubora.

Kwa hiyo mkinilazimisha kuandika jina moja tu la aliye bora kabisa, na iniwie radhi Nyeri yote, naandika Peres Jepchirchir, Mkenya mwenzake wa marathoni. Dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, ushindi wa New York 2021, Boston 2022, halafu ubingwa wa dunia Tokyo 2025, ambako alimpita Tigst Assefa wa Ethiopia uwanjani na kushinda kwa sekunde mbili. Naye pia alirudi baada ya kujifungua. Lakini msilinganishe muda wao, maana viatu vya leo si vya 2001. Na Jepchirchir bado anakimbia, kwa hiyo jibu langu ni la leo. Msisahau pia kwamba Mkenya Tegla Loroupe alishinda New York 1994, wakati hakuna mwanamke wa Afrika aliyekuwa ameshinda marathoni kubwa kama hiyo. Bila yeye sijui kama tungekuwa na mjadala huu.

Ombi langu ni moja: mkichapisha majibu, msimweke Ndereba kwenye orodha ya "waliokosa". Fedha ya Beijing aliikimbilia hadi hatua ya mwisho, na aliyeiona usiku ule hawezi kuiita kukosa.

Msomaji wenu, Karatina