Yaliyomo yanatoka na "Error!" ukiprinti: printa haina kosa

Mkuu, umesema risechi yako uliyoiandika kwa Word kwenye skrini iko safi, ila ikiprintiwa, kwenye yaliyomo namba za kurasa zinageuka "Error! Bookmark not defined." Waliotangulia wamekushauri ubadilishe printa. Iacheni printa ya watu jamani, haihusiki kabisa.

Mimi nina kisteshenari hapa Tanga, Ngamiani, na msimu wa risechi ugonjwa huu naupokea karibu kila siku. Ile namba ya ukurasa hukuiandika wewe. Pale pana fildi, yaani maagizo yaliyofichwa, inayokwenda kutafuta alama (hiyo ndiyo "bookmark") ndani ya kichwa cha habari. Ukifuta kichwa ukakiandika upya, alama nayo imeondoka. Namba unayoiona kwenye skrini ni kiporo, matokeo ya mara ya mwisho fildi iliposasishwa. Sasa Word ina mpangilio wa kusasisha fildi kabla ya kuprinti. Kwako pengine umezimwa, steshenari umewashwa, ndiyo maana unaumbukia kwenye karatasi.

Kuna dada alinijia jioni na flashi, kurasa 84, msimamizi anamsubiri asubuhi. Tumeprinti, kila palipotakiwa kusomeka "Jedwali 4" pameandikwa "Error! Reference source not found." Akaanza kulia pale pale kaunta. Nikabonyeza Alt na F9, fildi zote zikajianika: mabano ya mawimbi, ndani yake REF, kisha _Ref na tarakimu nyingi. Nikamuuliza, "Dada, kichwa cha hili jedwali ulikigusa?" Kumbe alikifuta chote akakiandika kwa mkono, eti fonti ilikuwa haimpendezi.

Kwa vile muda haukuwepo, nilifunga faili bila kusevu. Hapo ndipo wengi wanapojimaliza, wanasevu makosa juu ya kiporo. Nikalifungua tena, namba za zamani zikarudi. Nikatengeneza nakala pembeni, Ctrl na A kuchagua yote, halafu Ctrl, Shift na F9. Hiyo inageuza fildi kuwa maandishi ya kawaida, hazisasishwi tena. Tukapitia namba moja moja kwa macho, maana kiporo kinaweza kuwa kimepitwa, tukaprinti. Usifanye hivyo kwenye faili lako la asili hata siku moja, msimamizi akikurudishia masahihisho utajuta.

Wewe una muda, kwa hiyo tibu chenyewe. Hakikisha vichwa vyote vina staili ya Heading, ile ya vichwa iliyomo ndani ya Word, si kukoleza wino na kukuza herufi tu. Kisha bofya kulia juu ya yaliyomo, chagua kusasisha, na kwenye kidirisha chukua chaguo la chini, la jedwali zima. Lile la juu, la namba za kurasa peke yake, ndilo linalokuletea hayo maneno, kwa sababu linaendelea kutafuta alama ambazo hazipo. Kwa majedwali na picha, rudisha kichwa kwa Insert Caption, futa rejeo lililokufa (lile lenye "Error!"), weka jipya kwa Cross-reference. Inachosha, najua.

Ukimaliza, Ctrl na A, kisha F9 kusasisha fildi, ndipo utafute neno "Error!" kwa Ctrl na F. Laptopu nyingine F9 haiitiki mpaka ushikilie na Fn. Tanbihi na vichwa vya juu ya kurasa haviguswi na Ctrl na A, ingia kule kivyake.

Na yule aliyeuliza kwa nini yaliyomo yake yote yamegeuka mabano: umegusa Alt na F9 bila kujua, bonyeza tena.

Ukikwama, tupia hapa picha ya fildi yenyewe ikiwa imefunguliwa kwa Alt na F9. Picha ya karatasi haitatusaidia.