Kolesteroli ya mtoto si ya kupuuzwa

Je, damu ya mtoto inaweza kudokeza hatari ya ugonjwa wa moyo ukubwani? Ndiyo, na kipimo chenye ushahidi mzito zaidi ni kolesteroli mbaya, yaani LDL. Utafiti wa Bogalusa kule Louisiana, Marekani, ulioanza miaka ya 1970, ulichunguza pia mishipa ya watoto na vijana waliofariki, wengi wao kwa ajali. Michirizi ya mafuta ilishaonekana kwenye aota, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, na ilikuwa mingi zaidi kwa wale ambao LDL yao ilikuwa juu walipopimwa wakiwa hai.

Kwa mtoto, LDL ya miligramu 130 kwa desilita ya damu kwenda juu ni nyingi. Ikifika 190, tafadhali msisubiri akue: huenda ni kolesteroli nyingi ya kurithi (takriban mtu 1 kati ya 250 anayo), kwa hiyo wazazi na ndugu zake nao wapimwe.

CRP, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe (inflamesheni) mwilini, mimi nisingeitegemea kwa mtoto, maana hata mafua huipandisha. Na kipimo kimoja cha LDL kikitoka juu, kirudiwe baada ya wiki kadhaa kabla ya kuamua lolote.