R: wastani unatoka NA, miezi inaanza na Agosti, mistari inazaana (jibu refu kidogo)

Mkuu nimesoma swali lako lote la R (lugha ya programu ya kuchambua data), umeuliza vitu vinne kwa mpigo: wastani unakuletea NA (alama ya R ya thamani iliyokosekana), ukigeuza kolamu ya uzito kuwa namba zinatoka namba ambazo kwenye faili hazipo kabisa, ukiunganisha mafaili mawili mistari inaongezeka, na grafu ya miezi inaanza na Agosti halafu laini haichoreki. Waliotangulia wamekupa kodi (maagizo ya programu) za kunyoosha grafu, sio mbaya, ila mi nimesafisha sana data za watu kwenye R na nakwambia grafu ndo ya mwisho kuguswa. Hayo yote unayaona tofauti lakini karibu yote yanatoka sehemu moja, R haizioni kolamu zako vile unavyoziona wewe.

Kwa hiyo kabla ya chochote andika hii (d ni jina la jedwali lako la data, str inakuonyesha kila kolamu ni ya aina gani):

str(d)

Usome mstari kwa mstari, usipitishe macho tu. Kolamu unayojua ni namba ikiwa imeandikwa chr (maandishi) au Factor (fakta, nitaieleza chini), simama hapo hapo usiendelee. Manake read.csv (amri ya kusomea faili) inaangalia kolamu nzima, kisanduku hata kimoja kisipokuwa namba, basi kolamu yote inageuzwa maandishi. Mtu kaandika "haipo" kwenye mstari mmoja kati ya maelfu, au kaweka kistari, au kaandika 1,200 na koma yake, imeisha hiyo. Kuwapata wahusika mimi natumia hii:

unique(d$uzito[is.na(as.numeric(as.character(d$uzito)))])

Itakuletea onyo kwamba kuna NA zimezaliwa, achana nalo, ndicho tunachotafuta. Kinachotoka ni orodha ya vitu vyote vilivyogoma kuwa namba, na mara nyingi ni vitatu vinne tu vinavyojirudia.

Sasa hizo namba za ajabu. Hapo kolamu yako ni fakta, yaani R imehifadhi orodha ya majina pembeni halafu ndani ya kolamu imeweka namba za foleni tu. Chukua kolamu yenye 150, 20, 9 na neno haipo. Kwa kuwa imesomwa kama maandishi inapangwa kialfabeti, 150 inakuwa ya kwanza (inaanza na moja), 20 ya pili, 9 ya tatu, haipo ya nne. Ukiandika as.numeric(d$uzito) moja kwa moja unapewa hizo nafasi, kwa hiyo 150 inageuka 1 na 9 inageuka 3, kizito kimekuwa chepesi na chepesi kimekuwa kizito, na R haikupi onyo hata moja. Hii ndo mbaya kuliko zote kwa maoni yangu kwa sababu kodi inakimbia vizuri, wastani unatoka, grafu inatoka, na vyote ni uongo. Dawa yake ni kupitia kwenye maandishi kwanza:

d$uzito <- as.numeric(gsub(",", "", as.character(d$uzito)))

Hiyo gsub inaondoa koma za maelfu njiani. Ila angalia, kama faili lako limetoka kwenye kompyuta inayotumia koma kama nukta ya desimali, hapo usifute koma, 3,5 itakuwa 35! Faili la namna hiyo kwa kawaida linatenganisha kolamu kwa nukta mkato, lisome na read.csv2 inajua yenyewe.

Kuanzia R 4.0.0 iliyotoka 2020 read.csv haigeuzi tena maandishi kuwa fakta bila kuambiwa, kwa hiyo kama inakutokea leo ama toleo lako ni la zamani ama umenakili skripti ya mtu yenye stringsAsFactors = TRUE. Angalia hapo kwanza.

Wastani kutoa NA ni kitu chepesi, mean(d$uzito, na.rm = TRUE) na umemaliza. Lakini usiibandike kila mahali kama dua, hesabu kwanza zimekosekana ngapi kwa sum(is.na(d$uzito)), kwa sababu ukikuta nusu ya kolamu ni NA huo wastani unazungumzia nusu iliyobaki tu na inabidi msomaji wako ajue. Na ile uliyoandika d$uzito == NA haitafanya kazi hata siku moja, kulinganisha na kitu kisichojulikana jibu lake nalo halijulikani, tumia is.na. Kingine, wapo watu wakikosa jibu wanajaza 999 au -99. R haijui kwamba hiyo ni alama, inaihesabu kama kilo. Piga summary(d) uangalie ndogo kabisa na kubwa kabisa, ukikuta mtu ana kilo 999 ushaelewa. Yote haya unaweza kuyamaliza mlangoni wakati wa kusoma faili:

d <- read.csv("faili.csv", na.strings = c("", "NA", "-", "haipo", "999"))

ila hiyo 999 inafutwa kwenye kolamu zote, hivo kama kuna kolamu ambayo 999 ni thamani halali usiiweke humo, ishughulikie kwenye kolamu yake tu.

Mistari kuongezeka ukiunganisha, hiyo sio hitilafu ya merge (amri ya R ya kuunganisha majedwali). Namba ya utambulisho ikitokea mara tatu faili la kwanza na mara mbili la pili, unapata mistari sita, kila mmoja ameunganishwa na kila mwenzake. Kabla ya kuunganisha uliza any(duplicated(b$namba)), hapo b ni faili la pili na namba ni kolamu ya utambulisho, ikisema TRUE wakati ulitegemea kila mtu ana mstari mmoja basi tatizo liko kwenye faili, lirekebishe huko. merge yenyewe inanyamaza kimya, left_join ya dplyr (kifurushi cha nyongeza cha R) kwenye matoleo ya karibuni walau inapiga kelele marudio yakiwa pande zote mbili, ndo maana mi naipendelea. Na kinyume chake pia kipo, mistari inapotea. Hapo angalia nafasi zilizojificha mwishoni mwa neno (trimws inaziondoa), herufi kubwa na ndogo, na namba zinazoanza na sifuri, 0071 ikisomwa kama namba inabaki 71 na haitakutana na mwenzake tena. Mwambie R mapema, ndani ya read.csv, colClasses = c(namba = "character").

Haya sasa grafu. Miezi kuanza na Agosti ni alfabeti tu: Agosti, Aprili, Desemba, Februari. R haijui kalenda ya Kiswahili, na hata majina ya Kiingereza ingeyapanga hivo hivo. Hapa ndipo fakta inapokuwa rafiki:

miezi <- c("Januari", "Februari", "Machi", "Aprili", "Mei", "Juni", "Julai", "Agosti", "Septemba", "Oktoba", "Novemba", "Desemba")
d$mwezi <- factor(d$mwezi, levels = miezi)

Ukishamaliza usikimbilie kuchora, piga table(d$mwezi, useNA = "ifany"). Kwa sababu aliyeandika Febuari bila r, au machi kwa herufi ndogo, hayumo kwenye orodha yako na anageuzwa NA kimyakimya. Kwenye grafu utaona tu Februari imepungua ukaanza kutafuta sababu za kitaalamu kumbe ni herufi moja.

Laini kutochoreka: mhimili wa x ukiwa na majina badala ya namba, ggplot2 (kifurushi cha R cha kuchorea grafu) inachukulia kila jina ni kundi lake, na nukta moja haiwezi kufanya laini. Weka group = 1 ndani ya aes (sehemu ya kodi inayosema kolamu ipi iende wapi kwenye grafu). Kama una laini nyingi, tuseme moja kwa kila mwaka, basi group = mwaka, la sivyo utapata ile michoro ya misumeno inayopanda na kushuka wima. Na rangi, umeandika aes(colour = "blue") ikatoka nyekundu ukashangaa, itoe nje ya aes, ikiwa ndani ggplot2 inadhani "blue" ni jina la kundi na inakuchagulia rangi yake yenyewe.

Halafu mtu mmoja amekushauri ukate mhimili kwa ylim. Kuwa makini hapo, ylim inatupa data iliyo nje ya mipaka KABLA ya kukokotoa, kwa hiyo ukichora grafu ya boksi (boxplot) au laini ya mwelekeo vyote vinabadilika. Ukitaka kusogeza macho karibu tu bila kugusa data tumia coord_cartesian(ylim = c(0, 100)).

Kitu ambacho hujauliza ila nimekiona kwenye kodi uliyobandika: filter(mwezi == c("Januari", "Juni")). Hiyo haikupi miezi miwili. Inalinganisha mstari wa kwanza na Januari, wa pili na Juni, wa tatu na Januari tena, inazunguka hivo hadi mwisho, na mistari ikiwa idadi shufwa huoni hata onyo, unapoteza data unaendelea na maisha. Andika mwezi %in% c("Januari", "Juni").

Fanya kwa mpangilio huo, str kwanza, grafu mwisho. Ikigoma tena usitume picha ya skrini, hatuwezi kuikimbiza. Tuma matokeo ya dput(head(d, 20)), yaani mistari 20 ya kwanza kama maandishi tunayoweza kunakili, ila toa kwanza kolamu za majina na namba za simu za watu, na utaje toleo la R unalotumia.