Kati ya Pentium G4560 na FX-6300 zilizotumika

Ndugu yangu, umeuliza ununue prosesa (ubongo wa kompyuta) ipi iliyotumika, Pentium G4560 ya Intel au FX-6300 ya AMD, kwa kazi za ofisi na michezo michache. Mimi ningechukua Pentium bila kusita. Usivutwe na idadi ya viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi: FX-6300, iliyotoka mwaka 2012, ina viini 6, lakini vimepangwa viwili viwili na kila jozi hugawana sehemu ya kukokotoa namba za desimali, ilhali G4560 ya mwaka 2017 ina viini 2 tu vyenye nyuzi 4 (kila kiini hushika kazi mbili kwa wakati mmoja), na kila kiini hufanya kazi nyingi zaidi kwa kasi ileile ya gigahezi 3.5. Programu za ofisi hutegemea zaidi nguvu ya kiini kimoja. Katika kubana video, FX bado hujitetea. Hata hivyo, imekadiriwa joto la wati 95 dhidi ya 54 za Pentium, na haina michoro ya ndani, hivyo ubao mama usipokuwa na michoro yake, utahitaji kadi ya michoro hata kwa kuandika barua tu. Kabla ya kulipia Pentium, hakikisha ubao mama una chipseti (chipu zinazouongoza ubao) ya mfululizo wa 200, au wa 100 uliosasishwa BIOS (programu ya kuwashia kompyuta), kwani ule wa 300 hauikubali ingawa soketi, yaani tundu la kuwekea prosesa, zinafanana kwa macho.